Seva ya nyumbani: kabla hujaweka programu, jiulize ikizima leo nani atalalamika

Nyie mnaoanza seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayobaki nyumbani ikiendesha programu zako mwenyewe, najua mmeshakutana na ile orodha ndefu kule GitHub inaitwa awesome-selfhosted, programu kibao, kila moja ina jina zuri na picha za kuvutia, na mtu akiwa na kikompyuta kipya mkono unamwasha anataka aweke zote usiku huohuo. Docker nayo, ile inayoendesha kila programu ndani ya kisanduku chake kinachoitwa konteina, imerahisisha kupita kiasi, unanakili faili la compose lenye mipangilio, unapiga amri moja, dakika mbili programu iko hewani. Kuweka sio kazi siku hizi. Kazi ni kuishi nayo, yaani kuiapdeti, kuifanyia bakapu, kuifufua ikifa, na kumjibu mtu wa nyumbani anayeuliza mbona picha hazifunguki. Kwa hiyo hapa naongelea kuchagua tu, hatua za kuinstoli mtazisoma kwenye maelezo ya programu yenyewe.

Mimi programu yoyote naipima kwa swali moja: ikizima leo, nani atalalamika, na atalalamika baada ya muda gani? Kuna programu ikizima wiki nzima hakuna anayejua. Kuna nyingine ikizima nusu siku watu wanaanza kuulizana. Na kuna ile ambayo dakika mbili tu nyumba nzima iko mlangoni kwako. Anza na zile za kwanza, zizoee, jifunzie bakapu juu yake, ziue makusudi kisha uzifufue, ndo uhamie za pili, na zile za tatu ziwe mwisho kabisa au usiziweke kabisa, hamna aibu yoyote. Shida ni kwamba zile za tatu ndo zinasifiwa sana, kwa hiyo wengi wanaanzia huko.

Mfano mzuri ni Pi-hole na AdGuard Home, zile za kuzuia matangazo. Ni nzuri, sina neno nazo. Ila elewa inachofanya, inageuka kuwa DNS ya nyumba, yaani kila kifaa kikitaka kufungua tovuti lazima kwanza kiiulize seva yako hiyo tovuti anwani yake ipi. Sasa seva ikizima, au inarestati tu baada ya apdeti, mtu aliyeko sebuleni haoni kwamba DNS imezima, yeye anaona intaneti imekatika, na anajua pa kwenda kulalamika. Wengine wanaona wajanja wanaweka kwenye rauta DNS ya pili ya kampuni ya nje, wakidhani itatumika pale tu ya kwanza ikifa, kumbe vifaa vingi havifuati huo mpangilio, vinauliza yoyote kati ya hizo mbili, matangazo yanavuja halafu unakesha unatafuta kosa kwenye Pi-hole ambalo wala halipo. Ukitaka ya pili, basi iwe Pi-hole nyingine kwenye kifaa kingine. Na kama ndo kwanza unaanza, rauta iache ilivyo, badilisha DNS kwenye simu yako na laptopu yako tu, ikizima unaumia peke yako.

Za kuanzia ni zipi basi? Mimi nampa mgeni kisoma habari cha RSS, yaani programu inayokukusanyia mahali pamoja habari mpya za tovuti unazozifuata. Najua sio kitu cha kutamba nacho, lakini ndo shule nzuri. Google walifunga kisoma habari chao, Google Reader, Julai 2013 na tangu hapo watu wanaoendesha cha kwao hawajaacha, ziko FreshRSS na Miniflux, zote nyepesi. FreshRSS inaweza kutumia SQLite, yaani databesi nzima ni faili moja ndani ya folda yako, Miniflux yenyewe inataka Postgres, databesi inayoendeshwa kama programu nyingine pembeni. Hapo hapo umeshajifunza jambo kubwa la kuchagulia programu. Programu ya SQLite bakapu yake ni kusimamisha konteina, kunakili folda, kuwasha tena, basi. Programu ya Postgres huwezi kunakili folda ya databesi wakati inafanya kazi ukategemea itafufuka salama, inabidi utumie pg_dump kwanza, amri ya kutoa data zake kwenye faili, na siku ukibadilisha imeji, yaani kifurushi ambacho konteina inatokana nacho, kutoka Postgres 15 kwenda 16 kwa kuhariri namba tu kwenye faili la compose haitawaka, sababu data za toleo kubwa la zamani hazisomeki na jipya bila kuhamishwa. Sio kwamba Postgres ni mbaya, ni bora sana, ila kila Postgres unayoongeza ni mnyama mwingine wa kulisha. Ukiona programu mbili zinafanya kazi ileile, moja ni konteina moja na faili moja, nyingine inakuja na konteina nne, mgeni chukua ya kwanza hata kama sura yake mbaya.

Na kwenye hilo hilo, acha kuandika latest kwenye imeji, hasa za databesi. Andika namba ya toleo, soma maelezo ya toleo jipya, ndo ubadilishe.

Jellyfin pia iko kwenye kundi la ikizima hakuna msiba. Ilizaliwa Desemba 2018 baada ya Emby, programu iliyochipukia, kufunga msimbo wake (source code), na kinachonifurahisha ni kwamba inasoma tu folda zako za filamu na muziki, mafaili yanabaki yako palepale, hata ukiifuta leo unaiweka upya inaskani inajenga maktaba tena, unapoteza tu kumbukumbu za ulichotazama na mipangilio. Angalizo moja ni kwenye kugeuza video. Kifaa cha kutazamia kikiweza kucheza faili kama lilivyo, seva haifanyi kazi yoyote ya maana, hata kikompyuta dhaifu kinatosha. Kikishindwa, seva inageuza video papo hapo, na hapo prosesa isiyo na sehemu maalum ya kugeuza video kama Quick Sync ya Intel itahema. Kwa hiyo kabla hujaanza kununua mashine kubwa, angalia kwanza video zako ni za aina gani na televisheni yako inacheza nini.

Sasa picha. Hapa nakaa kidogo sababu ndo kitu kinacholeta watu wengi kwenye huu mchezo, hasa tangu Google Photos waondoe hifadhi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Jibu la wengi leo ni Immich, na kusema kweli wamestahili, app ya simu inapandisha picha yenyewe, inatambua sura, unaweza kutafuta kwa kuandika kilichomo kwenye picha, na hayo yote yanafanyika kwenye mashine yako. Kwa muda mrefu wao wenyewe walikuwa wanawaonya watu kwenye ukurasa wao kwamba mradi unabadilika haraka na msiutumie kama hifadhi pekee, toleo wanaloliita imara, la 2.0, limekuja Oktoba 2025. Lakini imara haimaanishi bakapu. Immich ina sehemu mbili, mafaili ya picha yako kwenye diski, na albamu, majina ya watu, tarehe ulizorekebisha viko kwenye Postgres. Ukibakapu folda ya picha peke yake siku ya msiba utapata picha zote lakini utaanza upya kupanga miaka yote ya albamu. Ukibakapu databesi bila picha ndo kabisa, una majina bila sura. Zote mbili, kila siku, ziende diski nyingine, na nakala moja iwe nje ya nyumba. Na RAID, yaani diski mbili zinazoandikwa kilekile, sio bakapu jamani, hili litasemwa mpaka mwisho wa dunia. RAID inakusaidia diski ikifa, haikusaidii ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafuta kwa uaminifu kabisa kwenye diski zote mbili.

Kitu kimoja ambacho nawasihi, usifute picha kwenye simu ili kupunguza nafasi mpaka umejaribu kurudisha bakapu kwa mikono yako. Chukua restic au Borg, programu za bakapu, zote mbili zinaenkripti na hazirudii kuhifadhi kilekile mara mbili, fanya bakapu, kisha nenda kwenye mashine nyingine au folda nyingine urudishe Immich nzima mpaka uone albamu zako. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Kama zoezi hilo limekushinda, baki na huduma ya kulipia kwa upande wa picha na uendelee kucheza na mengine, picha za mtoto akiwa mchanga hazipigwi mara ya pili.

Nextcloud nayo. Kila mgeni anaambiwa weka Nextcloud, na mimi kila mgeni namuuliza unataka nini hasa. Ilichipuka kutoka ownCloud mwaka 2016, ina mafaili, kalenda, anwani za watu, maongezi, kuhariri nyaraka, na vingine vingi vya kuongeza. Kama mko watu kadhaa, mnashirikishana folda, mnatumiana linki, mnahariri waraka pamoja, iweke, hamna mbadala mwepesi wa hayo yote kwa pamoja. Lakini kama ulichotaka ni folda ya laptopu ifanane na ya simu, hiyo ni kazi ya Syncthing, haihitaji hata seva, vifaa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe. Kama ni kalenda na namba za watu tu, Radicale ni kitu kidogo sana, inahifadhi kila kitu kama mafaili ya kawaida. Watu wanaweka Nextcloud kwa ajili ya kalenda moja halafu wanailaumu nzito, wakati hawajaweka Redis ya kuiongezea kasi wala kazi za nyuma za cron zinazojiendesha kwa ratiba, na pia wamekaa mwaka bila kuapdeti, sasa wanataka kuruka matoleo makubwa matatu kwa mpigo, haikubali, lazima upande toleo moja moja.

Na hiyo Syncthing pia msiichukulie bakapu. Inafananisha, maana yake ukifuta upande huu inafuta upande ule, tena haraka. Washa utunzaji wa matoleo ya zamani kwenye folda ya seva, uko kwenye mipangilio, watu wengi hawaugusi.

Kitu kingine cha kuangalia kabla hujachagua ni nani yuko nyuma ya programu. Nyota za GitHub zinakuambia watu wangapi waliipenda siku walipoiona, hazikuambii nani atairekebisha mwaka ujao. Fungua ukurasa wa matoleo uone la mwisho lilitoka lini, soma maelezo ya matoleo machache uone kama kila mara wanavunja kitu, angalia mabadiliko yanaandikwa na watu wangapi. Mtu mmoja sio dhambi, ila mtu mmoja anachoka. App rasmi ya Syncthing kwa Android ilisitishwa mwishoni mwa 2024 wakati programu yenyewe iko hai kabisa, watu wakahamia tawi lililokuwa likiendelezwa na wengine, na hilo liliwezekana sababu msimbo uko wazi. Paperless ndo mfano ninaoupenda, ya kwanza ilipoachwa ikaja Paperless-ng, nayo ilipokwama kikundi cha watu kikaichukua ikawa Paperless-ngx, na waliokuwa na nyaraka zao tangu zamani wakahama nazo. Kwa hiyo leseni sio maneno ya wanasheria tu, leseni huria ndo inaruhusu mradi kufufuka mikononi mwa wengine.

Kwa kuwa nimeitaja, Paperless-ngx iko kwenye kundi la katikati na naipenda sana. Unaskani risiti, mkataba, barua, inasoma maandishi yaliyomo na baadaye unatafuta kwa neno. Inatunza faili la asili kama lilivyo, na ina amri ya kutoa kila kitu nje pamoja na lebo zake. Hilo ndo swali langu la pili baada ya lile la nani atalalamika: data zangu zinatokaje? Kisoma habari kinatoa orodha kwa OPML, kalenda inatoa ics, Paperless inatoa folda. Ukikuta programu nzuri ambayo ukurasa wake wa maelezo hauna hata mstari mmoja kuhusu kutoa data, ipite.

Haya, paswedi. Vaultwarden, seva ya kutunza paswedi, ni nyepesi mno, imeandikwa kwa Rust, na inaongea na app zilezile za Bitwarden kwenye simu na kivinjari. Ni kundi la tatu hili. Afadhali kidogo ni kwamba app za Bitwarden zinatunza nakala iliyoenkriptiwa kwenye kifaa, kwa hiyo seva ikizima bado unaweza kusoma paswedi zako, ila kuongeza mpya inasubiri. Sasa fikiria hali hii, bakapu yako imeenkriptiwa, na paswedi ya kuifungua iko ndani ya Vaultwarden, ambayo iko ndani ya seva iliyokufa. Andika hiyo paswedi kwenye karatasi, weka mahali salama, na mtu mmoja unayemwamini ajue iko wapi. Pia inataka HTTPS, yaani muunganisho ulioenkriptiwa wenye cheti, bila hiyo kivinjari kinagoma, na hapo wageni wengi ndo wanafungua porti ya rauta, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, kwa dunia nzima ili tu wapate cheti. Hamna haja. Ukiwa na domeini yako, Let's Encrypt inakupa cheti kwa kuthibitisha kupitia rekodi ya DNS, seva yako haionekani nje kabisa. Vyeti vyao vya kawaida ni vya siku 90, kwa hiyo kazi ya kuvihuisha mwachie proksi kama Caddy au Nginx Proxy Manager, programu inayokaa mbele ya nyingine na kupokea wageni, usitegemee kukumbuka.

Kufika nyumbani ukiwa nje, tumia WireGuard, VPN yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wako wa nyumbani, iko ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo 5.6 la 2020, au Tailscale inayoitumia hiyo hiyo kwa chini na kukupunguzia kazi ya kubadilishana funguo. Ukiona anwani ambayo rauta yako imepewa upande wa nje iko kati ya 100.64 na 100.127, maana yake mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kufungua porti hakutafanya kazi hata ukeshe, na Tailscale au seva ndogo ya kukodi itakutoa. Mwezi Desemba 2021 tundu la Log4j, kipande kinachotumika ndani ya programu nyingi za Java, lilipotangazwa, seva za mchezo wa Minecraft zilikuwa kati ya za kwanza kushambuliwa, na nyingi ni za watu wa kawaida tu majumbani, ambazo porti zake ziko wazi. Programu ikiwa nyuma ya WireGuard unapata nafasi ya kupumua, unaapdeti ukitoka kazini. Ikiwa wazi, huna hiyo nafasi. Halafu kuna mtego wa Docker ambao unawapata hata wazoefu, umewasha ufw, ukuta wa kuzuia miunganisho kwenye Linux, ukafunga kila kitu, ukaandika 8080:80 kwenye compose, Docker inaandika kanuni zake moja kwa moja kwenye iptables, mfumo wa Linux ulio chini ya ufw, na porti hiyo inapita pembeni ya ufw kama haipo. Andika 127.0.0.1:8080:80 na uiache proksi ndo ipokee wageni.

Mashine yenyewe sitaisemea sana. Laptopu ya zamani inatosha kuanzia, ina betri kwa hiyo umeme ukikatika kidogo haizimi ghafla, ila kama imeanza kuvimba itoe. Kadi ya SD kwenye Raspberry Pi usiweke databesi, inachoka kwa kuandikwa mara kwa mara, tumia SSD. Na pima umeme, kila wati 10 zinazowaka mwaka mzima ni karibu yuniti 88, kwa hiyo ile seva ya ofisini uliyopewa bure yenye feni zinazopiga kelele sio ya bure kihivyo.

Barua pepe usihost. Najua kuna mtu atabisha na yeye yake inakwenda vizuri miaka mingi, hongera zake. Kwa mgeni kuna SPF, DKIM, DMARC za kuthibitisha kwamba mtumaji ni wewe kweli, rekodi ya DNS ya kinyume ambayo kwenye intaneti ya nyumbani mara nyingi huipati, porti 25 ambayo watoa huduma wengi wanaifunga, na ukishamaliza yote hayo barua yako bado inaweza kuangukia kwenye taka za mwenzako na asikuambie. Kupokea ni rahisi, kutuma ndo mziki. Nunua huduma, tumia domeini yako mwenyewe, ukichoka nao unahama na anwani yako.

Na kabla hamjauliza, ndiyo, AI ya nyumbani inawezekana, Ollama, programu ya kuendesha modeli za lugha, ni amri moja tu. Modeli ya parameta bilioni 7 iliyobanwa hadi biti 4 inakula kama GB 4 hadi 5 za kumbukumbu, bila GPU (kadi ya michoro) itajibu neno moja moja taratibu, na wakati inajibu Immich na Jellyfin nazo zinaomba prosesa hiyohiyo. Iweke kwenye kompyuta yako ya mezani unayoizima usiku, seva iachie kazi zake. Ukiiweka kwenye seva kwa nguvu, basi kwenye compose iwekee kikomo cha kumbukumbu, sababu RAM ikiisha Linux inachagua yenyewe nani wa kuua, na mara nyingi inamwendea anayekula zaidi wakati huo, anaweza akawa ni Postgres ya picha.